Ya Egzame Tu

Nilikuwa sekretere wa kanisa kwa miaka saba, na siku nilipoacha niliwaambia wazee kwamba ni macho. Wakanihurumia. Mama mmoja wa kikundi cha maombi akaniletea karoti, eti nizile mbichi kila asubuhi, na mimi nikazila, mtu mzima mwenye macho mazima, natafuna karoti za uongo huku mke wangu ananiangalia. Macho yangu hayana shida hata kidogo. Mpaka leo nasoma maandishi madogo ya kwenye boksi la dawa bila miwani. Niliacha kwa sababu katika kile kitabu cha mikutano nilichokuwa naandika kulikuwa na kurasa mbili ambazo sikuweza tena kuzifunua nikitafuta mahali patupu pa kuandika.

Kazi yangu hasa ni ualimu. Nafundisha biolojia hapa Baraka, katika shule ya sekondari ya kanisa letu. Hapo ndipo mtu anapaswa kuelewa vizuri: shule ni ya kanisa, lakini programu ya masomo ni ya Leta, yaani serikali. Kanisa linamchagua prefe, mkuu wa shule, prefe ananipa saa zangu za kufundisha, na mwisho wa mwaka wa sita ni Leta inayotunga egzame, mtihani wa kumaliza sekondari. Na Leta haiogopi pasta. Inauliza habari za viumbe: vimebadilikaje toka zamani, kwa nini vinafanana, vinatengana namna gani mpaka vinakuwa aina mbili. Mtoto asiyejua majibu anakosa pointi. Mtoto anayeyajua sana, kuna watu watamtazama kwa jicho baya Jumapili.

Basi mimi nilikuwa na dawa yangu. Kila mwaka nikifika kwenye sura hiyo, kabla hata ya kuandika kichwa cha somo, naandika juu kabisa ya tablo, ule ubao wa mbele, kwa herufi kubwa: YA EGZAME TU. Wanafunzi wanacheka, wanayanakili kwenye kaye, madaftari yao, wanapiga mstari chini kwa rula. Halafu nawaambia: “Munasikia? Muandike, mushike, muende mujibu, kisha mufute mu kichwa. Babu yangu hakukuwa nyani, na yako vilevile!” Darasa zima linavunjika mbavu. Somo la wiki tatu nalimaliza kwa siku mbili, tunahamia kwenye magonjwa, ambako hakuna anayegombana na mtu. Siku hizi siandiki kitu juu ya tablo, lakini pia nikifika pale nasema haraka haraka.

Nilijivunia dawa ile, Mungu anisamehe. Pasta alipenda kunichokoza tukikutana kwenye mlango wa kanisa: “Sekretere, bado munafundishaka batoto betu mambo ya nyani?” Na mimi: “Ya egzame tu, baba pasta!” Tunacheka, tunagongana mikono, tunaingia kuomba. Ukiniuliza mwenyewe niliamini nini, nitakujibu wazi. Nilimwamini Mungu, na bado namwamini. Na nilijua kwamba sura ile ni kweli, toka nilipokuwa mwanafunzi Bukavu na profesa mmoja mkali akatuwekea mifupa ya wanyama mezani tuishike kwa mikono. Hayo mawili yalikaa ndani yangu bila kupigana. Mtu aliyekuwa anahangaika ni mimi, kila Jumatatu nikifuta nilichokiimba Jumapili, na kila Jumapili nikificha nilichokifundisha Jumatatu.

Mwaka ninaousema, nilikuwa na msichana mmoja katika mwaka wa sita. Baba yake ni mvuvi wa Lweba, na yeye alikaa hapa Baraka kwa shangazi yake ili asome. Aliimba kwaya, na Jumapili asubuhi alifundisha ekodim, lile darasa la Biblia la watoto wadogo kabla ya ibada. Alikuwa mpole, ila alikuwa na tabia moja ya kuniudhi: maswali yake yalikuja baada ya kengele. Na mimi ni mtu wa hasira, sitaficha. Nimekwisha kurusha chaki, nimekwisha kufukuza darasa zima nje kwenye jua. Wenzake waliniogopa. Yeye hapana. Nikianza kufoka, anasimama tu anangoja mpaka niishiwe maneno, kisha anauliza tena lilelile.

Jumatatu moja, siku nilipopanga kuanza sura yetu ile, aliingia darasani kachelewa, sketi imelowa mbele, kabeba bidoni mbili za njano, yale madumu ya maji, zilizokatwa juu. Maneno yangu matatu nilikuwa nimewaandikisha wote toka Ijumaa, na bado yalikuwa kwenye tablo.

“Ni nini hiyo?” nikamfokea. “Hapa ni soko ya samaki?”

“Nimetoka nayo mbali, mwalimu, nimekuja na pikipiki toka Lweba, maji imenimwangikia yote. Angalia kwanza.”

Akaweka bidoni juu ya meza yangu. Katika kila moja kulikuwa na samaki mmoja mdogo, hai, urefu wa kiganja.

“Hii ni samaki ya mawe,” akasema. “Hii moja, baba aliitosha mu maji, ku mawe ya upande wa Swima. Hii ingine aliitosha ngambo kule, upande wa pili wa maji. Angalia mudomo. Angalia mapezi. Yote ni moja.”

Nikainama. Ni kweli, mdomo ulikuwa uleule, umbo lilelile, hata namna ya kukasirika ilikuwa ileile, wanagonga ukuta wa bidoni. Lakini mmoja alikuwa mweusi mwenye mkanda wa njano tumboni, na mwingine alikuwa mwekundu-mwekundu kama udongo, hana mkanda.

“Baba anasema hii samaki haipitaka pa muchanga,” akaendelea. “Inaogopa. Inabakiaka ku mawe yake mpaka inakufa. Na kati ya mawe ya huku na ya kule iko muchanga tupu. Basi mi nauliza, mwalimu. Zamani ilikuwa samaki moja?”

Nilikuwa nimefundisha sura ile miaka kumi na minne, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia mtu akiuliza kwa sababu anataka kujua. Mvuvi wa Lweba, mtu asiyewahi kushika kitabu cha biolojia, alikuwa ameliona jambo lenyewe kwa macho yake, akampa mtoto wake aniletee ndani ya bidoni. Nikageuka, nikachukua kitambaa, nikafuta YA EGZAME TU.

“Futeni,” nikawaambia. “Hata mu kaye. Leo tunasoma.”

Nilimwona yule msichana akichukua rula yake na kukata yale maneno kwa mstari mmoja ulionyooka kabisa.

Nilifundisha siku ile, ndugu yangu, nilifundisha! Saa mbili nzima, kengele ikapigwa na hakuna aliyesimama. Niliwapitisha mmoja mmoja mbele ya bidoni. Kijana wa nyuma akauliza: “Na Mungu, mwalimu? Tunamuweka wapi?” Nikamjibu kwa furaha, bila kuangalia mlango: “Mungu hakukuwa na haraka. Ni siye tuko na haraka. Kama alipenda kuumba samaki yake polepole, nani atamukemea?” Wakayaandika hayo maneno kwenye kaye. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba leo nimekula mshahara wangu kwa haki. Akacheka, akasema basi nikachote maji.

Wiki mbili baadaye, somo la ekodim likawa uumbaji, siku ya tano, samaki na ndege. Msichana akawaambia watoto habari za samaki wale wawili. Akawaambia kwamba bibi yao alikuwa mmoja, na kwamba Mungu hakuwa na haraka. Ni hayo tu. Nyani hakumtaja, wala mtu hakumtaja. Lakini mtoto mmoja, mezani mchana, akamuuliza mama yake: “Mama, na siye tulitoka ku samaki?” Na mama yule alikuwa mke wa mzee wa kanisa. Jumatano, pale kisimani, habari ilikuwa kwamba ekodim inafundisha watoto kuwa Mungu hayuko. Jumapili iliyofuata zaidi ya nusu ya watoto walizuiliwa nyumbani.

Wazee wakaamua aitwe. Barua ya kumuita, aje Jumamosi na kaye yake ya biolojia, niliiandika mimi mwenyewe kwa mkono wangu, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya sekretere. Nikapiga na muhuri.

Siku tatu nilijitayarisha. Nilikwenda kuoga ziwani asubuhi, nikawa nasema peke yangu ndani ya maji: wazee, maneno hayo ni yangu, mtoto hana kosa, mniulize mimi. Niliyasema mpaka yakawa mepesi mdomoni. Jumamosi mchana niliingia ndani ya bureau, ofisi ya pasta, nikiwa tayari, haki ya Mungu nilikuwa tayari. Tulikuwa watu saba: pasta, wazee watano, na mimi kwenye kona na kitabu changu cha mikutano. Bati la juu lilikuwa linawaka. Msichana alikaa kwenye kiti katikati, na shangazi yake nyuma yake, kitambaa mdomoni.

Mzee mkubwa wao akafungua. “Mbele ya yote tujue kitu kimoja,” akasema. “Kama ni mwalimu njo anafundisha batoto betu kuacha Mungu, shule ni yetu. Tutamutosha mu kazi leo hii, hata kama iko anakaa hapa mu kati yetu.”

Akaniangalia, na wote wakacheka, kwa sababu kwao ilikuwa mzaha. Pasta akanipigapiga begani. “Aa, sekretere wetu tunamujua,” akasema. “Ya egzame tu. Si vile?”

“Ya egzame tu,” nikasema, na mimi nikacheka.

Yale maneno yangu ya ziwani sijui yalikwenda wapi. Nilitafuta hata la kwanza sikulipata. Niliona watoto wangu wanne, nikaona jina langu limeondolewa kwenye orodha ya walimu, nikaona mimi mwenye umri huu nikizunguka Fizi nzima kuomba saa katika shule nyingine. Kisha wakanipa kaye ya msichana niisome kwa sauti. Nikafungua ukurasa. Pale juu kulikuwa na YA EGZAME TU, na katikati yake ule mstari wa rula.

Mzee akainama juu ya bega langu. “Na huu mustari? Ni we ulibaambia bakate?”

“Hapana.”

Ningependa kuandika hapa kwamba nilisita. Sikusita. Lilitoka haraka kuliko jina langu.

Pasta akamgeukia msichana, na sauti yake ilikuwa ya upole. “Mwanangu, nani alikata haya maneno?”

Akanitazama. Sikuona hasira kwenye uso wake. Alinitazama namna alivyokuwa anatazama zoezi gumu kwenye tablo, akitafuta jibu. Kisha akamwambia pasta: “Ni miye, baba pasta. Mwalimu alisema ni ya egzame. Mi sikuelewa muzuri.”

“Na haya maneno ya Mungu hakukuwa na haraka, uliyatosha wapi?”

“Mu kichwa yangu.”

“Ona kiburi!” akasema mzee. Shangazi akaanza kulia. Na mimi nikaandika, kwa herufi zangu nzuri wanazozisifu: ameonyesha kiburi.

Wakamtia chini ya disiplini miezi mitatu. Kwetu maana yake inajulikana. Huimbi kwaya, hufundishi ekodim, meza ya Bwana inakupita, na kila ibada unakaa kwenye benchi la mwisho karibu na mlango, ambako kila anayeingia anakuona kabla hajamwona mtu mwingine. Miezi ikiisha unasimama mbele ya kanisa, unatubu. Mwaka ule benchi lile lilikuwa na mwanamume aliyempiga mke wake mpaka akamvunja mkono. Msichana wangu akawekwa kando yake.

Jumatatu nilimwita baada ya somo, wenzake walipokwisha kutoka. Sijui nilitaka kumshukuru ama kumwomba msamaha. Nikaanza: “Mwanangu…” Akanikata.

“Mwalimu, egzame imebakia miezi ine. Kama bangekutosha mu kazi, nani angetufundisha? Siye bote tungeanguka.”

Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu aliyoifanya pale kitini, kwa muda ule mfupi wa kunitazama. Nilikuwa nimejidanganya usiku kucha kwamba alinitetea kwa kuniheshimu. Wapi! Alikuwa amewatetea wenzake, na mimi nilikuwa kitu ambacho darasa linakihitaji, kama chaki. Niliona haya mpaka masikio yakapata moto.

Akafungua kaye yake juu ya meza. “Sasa, ile maneno niirudishe, ao niache? Bazee banaweza kuomba kaye tena.”

Hapo ningeweza kusema acha. Hakuna mzee aliyekuwepo, wala pasta, ni sisi wawili na madirisha. Lakini haya ikinishika inageuka hasira, ndivyo nilivyo, na nikamfokea: “Rudisha! Unaniuliza nini? Rudisha!” Mtoto niliyemuuza Jumamosi, Jumatatu nampigia kelele. Hakungoja niishiwe maneno safari hii. Aliandika palepale, amesimama, YA EGZAME TU, chini ya yale aliyoyakata, akafunga kaye akaenda. Kesho yake niliyarudisha na mimi kwenye tablo. Darasa lote likaandika, na hakuna aliyecheka.

Mahali pa sekretere katika kanisa letu ni mbele, kando ya mimbari, uso umewaelekea watu. Kwa hiyo kila Jumapili nilimwona. Alifika kabla yangu. Kwaya ikiimba, midomo yake ilikuwa inakwenda na wimbo, sauti hakuna. Watoto wa ekodim walikuwa wanamgeukia wanampungia mkono, mama zao wanawageuza shingo. Na kumbuka, mimi ndiye ninayesoma matangazo. Kila Jumapili, miezi ile mitatu, nilisimama na mikro mkononi mbele ya kanisa lote, nikasema nani anafunga ndoa, nani amefiwa, kazi ya Alhamisi ni kufyeka. Hakuna aliyekuwa amenifunga mdomo. Nikimaliza matangazo nilikuwa nauliza, kama desturi: “Kuna tangazo lingine?” Nilikuwa najiuliza mwenyewe, kisha nakaa.

Siku yake ya kutubu, baba yake alikuja kutoka Lweba. Yeye ni Mkatoliki, kanisani kwetu hakuwahi kukanyaga, lakini alikuja, amevaa koti zito katika joto lile, akakaa mstari wa tatu na mikono yake mikubwa juu ya magoti. Alikuwa ameambiwa tu kwamba mtoto wake alikosea jambo katika kufundisha watoto. Kutubu kwetu kuna maneno yake, kila mtu anayajua: nilikosa, naomba Mungu na kanisa banisamehe. Mtu anayasema haraka, watu wanapiga makofi, anarudi mahali pake. Mume wa yule mwanamke mwenye mkono uliovunjika aliyasema kwa dakika moja.

Msichana akapewa mikro.

“Nilidanganya bazee,” akasema. “Bazee baliniuliza, mi nikabaambia sikuelewa muzuri. Nilielewa. Nilielewa yote. Uongo ni zambi. Ile njo zambi yangu, na naomba Mungu na kanisa banisamehe.”

Mikro ilikuwa bado mkononi mwake. Hakunitazama. Nilingoja jina langu litoke, nafsi yote ilikuwa imesimama, na sehemu moja yangu ilikuwa inaliomba litoke, liishe. Halikutoka. Alikuwa ametubu kosa lake, la kwangu aliniachia mwenyewe. Watu wakatazamana kidogo. Pasta, ambaye nadhani aliogopa maneno mengine yasifuate, akasema kwa nguvu: “Amina! Mungu anasamehe uongo wote!” Kwaya ikapokea, akina mama wakapiga vigelegele, na msichana akapanda kwenye ngazi za kwaya akasimama mahali pake. Kama yeye alielewa, basi nani alikuwa amedanganya kuhusu ule mstari? Hesabu ni ndogo, mtoto wa darasa la pili anaiweza. Sikuona mtu akiifanya. Ama waliifanya wakaiacha hapohapo.

Pasta akainama upande wangu. “Umeandika?”

“Nimeandika,” nikasema. Nilikuwa nimeandika neno moja ndani ya kitabu cha mikutano, mbele ya jina lake: ametubu.

Egzame ikafika, ikapita. Matokeo yalipotoka, Baraka ikawa kama tunavyoijua siku hiyo: simu zinalia kila uwanja, watu wanakimbia barabarani, na kila aliyefaulu anamwagiwa pudre, ile poda nyeupe, kichwani mpaka anakuwa mweupe, yeye na ndugu zake na hata motari, yule dereva wa pikipiki aliyembeba. Msichana alipata, na alipata vizuri. Nilisikia kelele zinakuja mtaani kwetu, nikatoka nje, na nani ashuke kwenye pikipiki kama si baba yake. Nywele zote nyeupe, koti lilelile zito, mkono mmoja kopo la pudre, mkono mwingine mikebuka miwili mikubwa, samaki wa ziwani, imefungwa kwa kamba kwenye mashavu.

“Mwalimu!” akaita akiwa bado mbali. “Mutoto amepata! Na unajua nini? Anasema bamemuuliza mambo ya samaki! Leta inauliza samaki yangu!”

Alikuwa anacheka mpaka machozi yanachora mistari kwenye pudre. Mke wangu akapiga kigelegele toka mlangoni, majirani wakasimama kuangalia. Akanifikia, akafungua kopo kwa meno. “Inama, mwalimu,” akasema. “We njo ulimufundisha.”

Na mimi nikainama. Niandike hivyo, kwa sababu ni kweli. Niliinamisha kichwa, nikafumba macho, nikangoja pudre ya yule mtu. Nilikuwa nasikia harufu yake tayari. Sijui ni kitu gani kilinishika. Labda ni ule mkono wake, uliokuwa unanuka samaki na ambao ulikwenda mpaka ng'ambo kumtafutia mtoto jibu. Nikasimama wima.

“Papa, ngoja kwanza,” nikasema. “Iko kitu haujue.”

Nikamwambia. Nilimwambia palepale uwanjani, mke wangu anasikia, majirani wanasikia: tablo, kitambaa, rula, bureau ya pasta, lile hapana langu, na jinsi nilivyomfokea mtoto wake Jumatatu. Nilisema haraka, nikitazama vidole vyake vya mguu ndani ya kandambili. Cheko lilimwisha polepole. Nilipomaliza, motari nyuma yake akazima mashine.

“Mutoto alijua kama unadanganya?” akauliza.

“Alijua, papa.”

“Na ile miezi yote, pa ile benchi, alijua.”

“Ndiyo.”

“Hata miye hakuniambia,” akasema, kama anajiambia mwenyewe. Kisha akaninyooshea ile kamba ya samaki. “Shika. Hii samaki ni ya mutoto, yeye njo alisema nikuletee. Pudre ni yangu.”

Akaweka kifuniko juu ya kopo, akakigandamiza kwa kiganja mpaka kikafunga, akapanda pikipiki. Hakugeuka.

Mke wangu aliwakaanga samaki wale jioni. Watoto wakala, nikasema mimi nimeshiba. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilikwenda kwa wazee ndani ya ile bureau, kitabu cha mikutano mkononi, na niliwakuta wote wamekaa. Pasta akaniuliza kuna nini. Nikawaambia ni macho.